Pestiños za Andalusia: namna ya kuzipika nyumbani zisinywe mafuta

MkaziWaJerez

Wakuu, habari za jioni. Juzi humu watu walivutana sana kuhusu kaimati na visheti, kipi kikae mbele kwenye sinia la futari. Sikuchangia, ila nilipata hamu ya kuwaletea kitu cha huku ninakoishi kinachofanana navyo. Niko Jerez de la Frontera, mkoa wa Cádiz, Andalusia, kusini kabisa mwa Hispania. Krismasi na Wiki Takatifu (ile ya kuelekea Pasaka) huku ndiyo misimu ya pestiños: unga wa ngano unasukumwa mwembamba, unakatwa, unakunjwa, unakaangwa, halafu unachovywa kwenye asali ya moto. Ukiuma unakutana kwanza na asali, kisha harufu ya anisi na ganda la chungwa inapanda puani, ufuta unabaki kwenye meno.

Mapishi mengi ya mtandaoni yanapiga kelele kuhusu asali. Msimamo wangu, na nitautetea hapa hapa, ni kwamba pestiño inafaulu au inaharibikia kwenye mafuta yanayoingia ndani ya unga, kabla hata karai halijabandikwa. Asali yeyote anaweza kuipasha.

Vipimo: unga wa ngano nusu kilo, huu wa kawaida wa chapati, usichukue uliokwisha kutiwa hamira. Mafuta ya zeituni mililita 150. Mvinyo mweupe mililita 150 (kuna mjadala wa hili, najua, tutafika). Hapa Jerez wengi hutia fino, ile sherry kavu ya hapahapa, na wapo wanaopenda moscatel ambayo ni tamu. Mbegu za anisi kijiko kimoja cha chakula, ufuta vijiko viwili, ganda la chungwa moja na la limau moja, mdalasini wa unga kijiko cha chai, chumvi kidogo. Baadhi ya nyumba huongeza karafuu ya kusaga, kwa ncha ya kisu tu. Asali nusu kilo ya kuchovyea. Sukari haiingii ndani ya unga, yai haliingii, maziwa hayaingii.

Sasa yale mafuta. Bandika mafuta ya zeituni kwenye sufuria ndogo, moto wa chini. Tia maganda, menya ile sehemu ya rangi tu, ule weupe wake ni mchungu. Yatatoa mapovu madogo madogo, kingo zitajikunja, rangi itaanza kwenda kwenye kahawia. Yatoe, epua sufuria, subiri kidogo ukali wa moto upungue, ndipo utie anisi na ufuta. Utasikia zinachachatika na jiko zima litanukia. Ukizitia sufuria ikiwa bado juu ya moto mkali, anisi inaungua, na uchungu wake hautafunikwa na asali yoyote. Acha yapoe yawe vuguvugu na mbegu zake humohumo, kisha mimina yote kwenye unga uliokwisha changanywa na mdalasini na chumvi. Sugua kwa vidole mpaka usione tena unga mkavu. Hapo ndipo unatia mvinyo, kidogo kidogo, mpaka unga ushikamane.

Na usiukande kama wa chapati. Kusanya tu, funika, uache saa moja upumzike.

Sukuma unene wa milimita mbili hadi tatu. Kata miraba ya sentimita saba hivi. Shika kona mbili zinazotazamana, zilete katikati zipandane, lowesha kidole kwa maji ubandike na ubonyeze barabara, la sivyo inafunguka kwenye mafuta. Kaanga kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180. Huna kipimajoto, dondosha kipande cha unga: kikizama na kutulia, bado. Kikipanda na mapovu mara moja, tayari. Anza kwa upande wa mkunjo kuangalia chini. Zikishika rangi ya dhahabu, opoa.

Asali ipashe na vijiko vitatu vinne vya maji, na ikianza tu kutoa povu pembeni punguza moto. Chovya pestiño zilizopoa, geuza, weka juu ya waya zichuruzike.

NusuKilo

Naweka kambi hapa. Picha iko wapi mkuu? Uzi wa chakula bila picha ni dhuluma.

Bi_Mkunazini

Mwanangu MkaziWaJerez, ahsante kwa uzi. Lakini hicho ulichokieleza ni kisheti. Sie Unguja tunatia samli ya moto kwenye unga, tunasugua vilevile kwa vidole, iliki badala ya hiyo anisi yako, tunasukuma, tunakata, tunabana katikati, tunakaanga. Tofauti ni mwisho wake. Visheti tunavitia kwenye shira iliyopikwa mpaka inavuta uzi, tunavigeuza geuza mpaka sukari inaganda juu yake, nyeupe, kavu. Unaweka kwenye kopo, mgeni akija unatoa. Hivyo vyenu vya asali vinanata mikono, mtu atashikaje kikombe cha kahawa?

La pili ni huo mvinyo. Nyumbani kwangu hauingii. Unatia nini badala yake?

Fundi Karai

Si nasikia pombe inaruka yote ikikutana na moto, Bi Mkubwa? Kwa hiyo haina shida.

Tangawizi_Kavu

Fundi, usimdanganye mama wa watu. Pombe haiishi yote kwenye chakula kwa sababu tu kimepata moto. Kiasi fulani hubaki, kutegemea muda na namna ya kupika. Pestiño inakaa kwenye karai dakika mbili tatu tu. Anayeiacha kwa ajili ya dini aiache kabisa, asijifariji na mvuke.

Ila kazi yake kwenye unga inaelezeka, na mbadala upo. Unga wa ngano ukikutana na maji na ukakandwa, unatengeneza gluteni, ule mvutano unaofanya chapati ivutike. Hapa hutaki mvutano, unataka kitu kinachokatika mdomoni. Mafuta yanayozunguka chembe za unga kabla ya maji kufika yanauzuia (ndiyo maana mtoa mada kasisitiza kusugua kwanza), na pombe yenyewe haijengi gluteni kama maji, kwa hiyo ukitia mvinyo umelowesha unga bila kuufanya mgumu sana. Ukiutoa, tia maji ya chungwa kama mililita 120, ongezea maji ya kawaida kidogo na kijiko kimoja cha siki. Chungwa lina sukari, kwa hiyo zitabadilika rangi haraka. Shusha moto wa karai kidogo, zisije zikawa kahawia nje na mbichi ndani.

mamake_Salha

Hapo kwa siki umenena. Mimi ni wa Mombasa, ila nilifanya kazi miaka mingi na dada mmoja Mmoroko, na yeye Ramadhani ikikaribia alikuwa apika shebakia. Unga, ufuta wa kukaanga na kusagwa, anisi, mdalasini, zafarani, siki na maji ya maua ya machungwa. Hakuna mvinyo popote. Anakata kipande, anakipasua mistari katikati, anakisuka kwa vidole kinakuwa ua, anakaanga, na kikitoka kwenye mafuta kinaingia moja kwa moja kwenye asali. Wanakula na supu ya harira wakati wa kufuturu.

Nikisoma vipimo vya MkaziWaJerez naona ni ndugu wa tumbo moja. Swali langu: nani alimfundisha mwenziwe, Muhispania au Mmoroko?

MkaziWaJerez

Bi Mkunazini, shikamoo. Nianze na wewe. Wapo huku pia wasiopenda kunata. Hao wakizitoa kwenye karai huzigaragaza kwenye sukari iliyochanganywa na mdalasini, basi, zinaliwa kavu. Kwa ladha yangu hizo hazifikii za asali, lakini kila nyumba na yake. Na mkono unaonata ndiyo sehemu ya sherehe, Bi. Bakuli la maji na leso linakaa mezani.

Mvinyo, Tangawizi kamaliza. Maji ya chungwa na siki yanatosha.

mamake_Salha, swali lako ni tamu kuliko pestiño yenyewe. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711 na dola yao ya mwisho, Granada, ikaanguka 1492. Ni karibu miaka 800. Huko Murcia alizaliwa bwana mmoja, Ibn Razin al-Tujibi, aliyehama nchi yake karne ya 13 Wakristo walipoichukua, akaishia Tunis, na huko akaandika kitabu cha mapishi ya kwao. Unga wa kukaanga na kumiminiwa asali umo. Halafu kati ya 1609 na 1614 mfalme wa Hispania akawafukuza Wamorisko, wale waliokuwa wazao wa Waislamu waliobatizwa, na wengi wakavuka bahari kwenda Morocco, Algeria na Tunisia. Kwa hiyo mapishi yalivuka kwenda na kurudi kwa karne nyingi, na mlango wa bahari wa Gibraltar pale penye wembamba una kilomita 14 tu. Mimi siwezi kukuambia pestiño fulani ilitoka kwa mama fulani wa Fez. Ila ufuta, anisi, asali na maua au maganda ya machungwa ndani ya chakula kimoja, pande zote mbili za maji, hiyo si bahati nasibu.

Kinachonishangaza ni jinsi Wakristo walivyokifanya chao. Kwaresima ya zamani ilikataza nyama, na pamoja nayo mafuta ya nguruwe ambayo ndiyo yanayotawala vitafunio vingi vya Hispania (kwa mfano mantecados, biskuti laini za mji wa Estepa, msingi wake ni mafuta hayo). Pestiño ya mafuta ya zeituni haikuvunja mfungo, basi ikapewa kiti. Leo wanaouza vitafunio vya namna hii ni pamoja na watawa wa kike wa ndani, wale wasiotoka nje ya monasteri. Unaingia kwenye ukumbi mdogo, kuna kabati la mbao la duara lililojengwa ukutani, linazunguka. Unagonga kengele, sauti inakwambia "Ave María Purísima", unataja unachotaka, unaweka pesa, kabati linazunguka, boksi linakuja. Uso humwoni. Sevilla kila Desemba mwanzoni vitafunio vya monasteri hizo vinauzwa pamoja kwenye jumba la Alcázar, na foleni yake si ya kitoto. Jumba lenyewe ukiliangalia kuta zake utadhani uko Marrakech.

NusuKilo

Kwa hiyo unanunua kwa mtu usiyemwona? Kwetu hiyo ingeitwa kitu kingine.

Fundi Karai

Tuache watawa, turudi kwenye mfuko. Mafuta ya zeituni hapa Dar kachupa kadogo tu kanakufanya ufikirie mara mbili. Nikitumia alizeti ya Singida kila mahali, nimekosa nini?

MkaziWaJerez

Kukaangia, tumia alizeti bila wasiwasi. Hata huku wengi wanafanya hivyo, hasa tangu ukame wa 2022 na 2023 uliopandisha bei ya zeituni mpaka watu wakaanza kulalamika hadharani. Na hapa ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa kuyazalisha! Lakini yale mililita 150 ya ndani ya unga, jitahidi yawe zeituni. Ile ladha yake ya majani mabichi ndiyo inayosimama na anisi. Ukiweka alizeti utapata kitafunio kizuri cha asali, ila haitakuwa na ule ukali unaokufanya urudie.

Kama huna kabisa, fanya alizeti lakini ongeza maganda na anisi. Hatua ya kuyanukisha usiiruke.

mamake_Salha

Na anisi ukiikosa? Mimi kwa muuza viungo wangu naambiwa hii ndiyo, nikifika nyumbani naona ni shamari.

Tangawizi_Kavu

Shamari itakutoa. Kinachonukia kwenye anisi, shamari na ile anisi ya nyota ya Kichina ni kitu kilekile, anetoli, ingawa mimea ni tofauti. Shamari ni nene, ipondeponde kidogo kwenye kinu kabla ya kuitia kwenye mafuta, na weka kijiko kilichojaa kwa sababu ni pole zaidi. Ile ya nyota tia ua moja zima kwenye mafuta pamoja na maganda, ulitoe pamoja nayo. Ukiisaga ukaichanganya humo utakuwa unakula dawa ya kikohozi.

Muscat_Bara

Salaam kutoka Maskati. Huku kaimati zinaitwa luqaimat na watu wengi humwagia dibsi, ile asali ya tende, na ufuta juu. Hivi pestiño nikiichovya kwenye dibsi nitakuwa nimeharibu?

MkaziWaJerez

Hujaharibu, umepika kitu kingine na huenda kikawa kitamu. Dibsi ni nzito na nyeusi, itafunika ganda la chungwa; punguza makali yake kwa maji na utie kipande cha limau ikiwa motoni. Hata hapa kuna "asali" isiyotoka kwa nyuki: kule Frigiliana, mkoa wa Málaga, wanachemsha maji ya miwa mpaka yanakuwa mazito meusi, wanayaita asali ya muwa, na kazi yake kubwa ni kumwagiwa juu ya bilinganya za kukaanga. Usicheke, bilinganya na asali ya muwa ni mlo wa heshima.

Fundi Karai

Wakuu, nimerudi na ripoti. Jumamosi wamepika shemeji zenu na mimi nikashika karai. Zeituni ndani, alizeti ya kukaangia, maji ya chungwa na siki badala ya mvinyo, ufuta wa Lindi, asali ya Tabora. Zimetoka. Zile za mwanzo zilitoa malengelenge madogo madogo juu ya ngozi, asali ikakaa humo ndani. Watoto wamekula na vidole vyao karibu wavile.

Jumapili jioni nafungua kopo, zimekuwa laini. Si mbaya, lakini ule mkatiko haupo. Ni asali yetu au ni mapishi?

Bi_Mkunazini

Si asali wala si mapishi, baba. Ni pwani. Asali inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Dar ina unyevu wa kugawa. Ndo maana wazee wetu wakaenda kwenye shira inayoganda, niliwaambia.

Fanya hivi. Kaanga zote siku moja, zipoe barabara, usizifunge zikiwa na joto hata kidogo. Ziweke kavu kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, karatasi chini na juu. Siku ya kula ndo unapasha asali, unachovya zile za kuliwa tu. Zilizobaki zinasubiri wiki, hata zaidi. Kwenye friji usitie, ukizitoa zinatoa jasho.

MkaziWaJerez

Bi kasema yote. Niongeze kitu kimoja kwa Fundi: huko asali ipunguzie maji, vijiko viwili badala ya vinne, na iache ichemke taratibu dakika moja zaidi iwe nzito. Isizidi hapo, ikipoa itakuwa peremende, utang'oa jino. Na hayo malengelenge uliyoyaona ni dalili njema, unga ulipumzika na mafuta yalikuwa na moto wa kutosha. Karai likiwa na moto mdogo ngozi haipati nguvu ya kuvimba, unga unakaa mle unakunywa, na ndipo mtu anasema pestiño ni chakula cha mafuta.

Usijaze karai pia. Kila ukitia nyingi kwa mkupuo moto unashuka. Nne, tano, opoa, subiri, endelea.

NusuKilo

Mie nina mtoto wa miezi minane, ananiangalia kila nikisoma uzi huu. Nimlambishe ka-asali?

mamake_Salha

La hasha! Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata ya kupikwa, hata tone. Inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu, matumbo ya mtoto mchanga hayana uwezo navyo. Mpe ndizi, wewe kula pestiño jikoni umejificha.

Muscat_Bara

Swali la mwisho kabla sijaingia jikoni: lazima mkunjo uwe wa kona mbili? Mimi mikono yangu si ya kusuka maua ya shebakia, ila hata hizo kona naona zitanisumbua.

MkaziWaJerez

Si lazima. Wapo wanaokata duara kwa mdomo wa glasi na kukunja pande mbili zikutane katikati. Kijiji cha Ubrique, mkoa huuhuu wa Cádiz, wana gañotes za Wiki Takatifu: wanakata ukanda mrefu wa unga, wanauzungusha kwenye kipande cha mwanzi, wanakaanga pamoja na mwanzi wake, wanauchomoa. Zao zina yai, kwa hiyo ni habari nyingine. Kwa kuanzia kata miraba, weka kona moja juu ya nyingine, bonyeza kwa kidole gumba mpaka uone alama yake. Upande wa mkunjo uanze chini, mafuta yanaushika kabla haujapata nafasi ya kufunguka.

Bi_Mkunazini

Umeshawahi kutia kitu ndani? Viazi vitamu, kwa mfano. Mie naona mle kwenye mkunjo mna nafasi ya bure.

MkaziWaJerez

Bi, umefika Málaga bila kupanda ndege. Hizo zinaitwa borrachuelos: unga karibu na huu, ndani kinatiwa kiazi kitamu kilichopikwa na sukari na mdalasini mpaka kikakauka, au boga la nyuzinyuzi lililopikwa hivyo hivyo, zinakunjwa nusu mwezi na kubanwa kingo kwa uma. Jina lenyewe linatokana na ulevi kwa sababu zao hutiwa mvinyo na pombe ya anisi kwa mkono mzito, lakini maji ya chungwa yanafanya kazi hapo pia. Kiazi lazima kiwe kikavu kabisa, maji yakibaki ndani kinalipuka kwenye karai na mafuta yanarukia mkono.

Naufungulia uzi wake Ijumaa. Tafuta viazi vyenye nyama ya njano, Bi, na uviache juani siku mbili kabla.

NusuKilo

Na picha, mkuu. Safari hii na picha.